Maswali ya Wasomaji: Daraja la Shahada Hupangwaje, na Kanuni Zibadilishwe Vipi?

Barua nyingi za safari hii zinahusu kanuni ambazo chuo kikuu hutumia kutunuku shahada ya kwanza na kuipanga daraja. Baadhi ya walioandika ni wanafunzi waliokosa daraja kwa nukta, wengine ni wahadhiri waliokabidhiwa kazi ya kuzipitia upya kanuni hizo. Mifano yetu mingi inatumia kipimo kilichozoeleka katika vyuo vya Tanzania: A ni alama 70 na kuendelea na ina pointi 5; B+ ni 60 hadi 69, pointi 4; B ni 50 hadi 59, pointi 3; C ni 40 hadi 49, pointi 2; D pointi 1 na E sifuri. Pointi za kila somo huzidishwa kwa krediti za somo hilo (namba inayoonyesha uzito wa somo), zikajumlishwa, kisha zikagawanywa kwa krediti zote. Jibu ndilo GPA, yaani wastani wa pointi. Daraja la kwanza ni 4.4 hadi 5.0, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, na ufaulu wa kawaida 2.0 hadi 2.6. Chuo chako kikiwa na jedwali jingine, fuata hilo.

Nimepiga hesabu mwenyewe nikapata 4.38. Kwenye transkripti imeandikwa 4.3 na daraja la pili la juu. Nilifundishwa shuleni kwamba 4.38 ni 4.4. Nimedhulumiwa? (Mhitimu, Dodoma)

Shuleni ulifundishwa kukadiria. Kanuni za vyuo vingi vya Tanzania hazikadirii, zinakata: tarakimu zote baada ya nafasi ya kwanza ya desimali huachwa, hata ikiwa ni 9. Tuchukue shahada ya miaka mitatu yenye masomo 36 ya krediti 10 kila moja, jumla krediti 360. Mwenye A 15, B+ 20 na B moja ana pointi 75 + 80 + 3, yaani 158. Ukizizidisha kwa krediti 10 unapata 1,580, na ukigawanya kwa 360 unapata 4.388. Kwa kukadiria ni 4.4, daraja la kwanza. Kwa kukata ni 4.3, daraja la pili la juu. B+ moja tu kati ya zile 20 ingekuwa A, pointi zingekuwa 159 na wastani 4.416. Kwa hiyo alama moja katika somo moja, 69 badala ya 70, inaweza kuamua daraja la miaka mitatu.

Kama kanuni ya chuo chako imeandika kukata, matokeo yako ni halali. Lakini usiishie hapo, kwa sababu katika hesabu hizi kuna makosa matatu yanayojirudia, na yote matatu unaweza kuyakagua ukiwa nyumbani.

La kwanza ni krediti. Mradi wa utafiti au mafunzo kwa vitendo mara nyingi huwa na krediti tofauti na somo la kawaida. Hesabu iliyochukua wastani wa pointi bila kuzidisha kwa krediti ni batili.

La pili ni kukata mapema. Kanuni inataka kukata kufanyike mara moja, mwishoni. Wapo wanaokata GPA ya kila mwaka halafu wanachukua wastani wa hizo tatu. Chukua mwanafunzi mwenye masomo 12 kila mwaka, aliyepata pointi 52, 52 na 55. Jumla ni 159, na 159 kwa 36 ni 4.416: daraja la kwanza. Ukikata kila mwaka unapata 4.3, 4.3 na 4.5, ambazo wastani wake ni 4.36, ukikata tena 4.3. Mwanafunzi huyo ameshushwa daraja na jedwali la kompyuta.

La tatu liko ndani ya somo lenyewe. Vyuo vingi hutoa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Mwenye 27.5 na 41.5 ana 69 kamili, ni B+. Idara inayokadiria kila kipande kabla ya kujumlisha inapata 28 na 42, yaani 70, ni A. Somo lilelile na majibu yaleyale huweza kutoa herufi tofauti katika idara mbili za chuo kimoja. Ukiona alama zako za vipande zina nusu, omba kuona jumla ilivyopatikana.

Ukigundua kosa, andika kwa mkuu wa idara ukiambatisha jedwali la masomo yote (jina la somo, krediti, herufi, pointi, zao lake) na nakala ya kifungu cha kanuni, huku nakala ya barua ikienda kwa Msajili. Wahi ndani ya muda wa rufaa uliowekwa katika kanuni. Barua inayosema tu "naomba nisaidiwe" haina cha kushughulikiwa. Inayoonyesha 159 badala ya 158 lazima ijibiwe.

Mimi ni mhadhiri. Amidi, yaani mkuu wa kitivo, ameniteua katika kamati ya kupitia upya kanuni za kutunuku shahada na kupanga madaraja. Wenzangu wanataka tuanze na mpaka wa daraja la kwanza, ushushwe uwe 4.3 au ubaki 4.4. Tuanzie hapo? (Mhadhiri, Kanda ya Ziwa)

Msianzie hapo. Mpaka ndio unaoonekana, kwa hiyo ndio unaovutia mjadala, lakini haki ya mwanafunzi huamuliwa kabla hajaufikia. Andikeni kwanza ubaoni safari nzima ya alama: alama za somo zinakuwa herufi, herufi inakuwa pointi, pointi zinakuwa wastani, wastani unakatwa, kisha daraja linasomwa. Katika kila hatua kuna taarifa inayopotea, na inayopotea zaidi ni pale alama inapogeuka herufi.

Tazameni wanafunzi wawili wenye masomo kumi yenye krediti sawa. Wa kwanza amepata 69 katika yote kumi. Wote ni B+, GPA 4.0, daraja la pili la juu. Wa pili amepata 70 katika masomo manne na 60 katika sita. Ana A nne na B+ sita, pointi 20 + 24, GPA 4.4: daraja la kwanza. Wastani wa alama za huyu wa pili ni 64. Yule mwenye 69 kila mahali amemzidi kwa alama tano lakini yuko daraja la chini yake. Jambo hili halihitaji kosa la mtu yeyote, limo ndani ya jedwali lenyewe. Mkishusha mpaka hadi 4.3, tatizo linabaki pale pale, na mwenye 69 bado hajafika.

Dawa zake zinajulikana, na kila moja ina gharama. Mnaweza kuacha herufi katika hesabu ya daraja na kutumia wastani wa alama moja kwa moja. Mnaweza pia kubaki na pointi lakini mkazifanya zipande taratibu ndani ya herufi, kwa mfano B+ ianze 3.5 kwa alama 60 na kufika 4.3 kwa alama 69, na A ianze 4.4 kwa alama 70 na kufika 5.0. Hapo yule wa kwanza anapata 4.3. Wa pili anapata 4.4 mara nne na 3.5 mara sita, jumla 38.6, wastani 3.86, ukikata 3.8. Wote wawili ni daraja la pili la juu, na mpangilio wao sasa ni wa kweli. Gharama ni hii: mwenye alama 70 tupu leo ana GPA ya 5.0, kesho atakuwa na 4.4. Madaraja ya kwanza yatapungua, na wahitimu wenu watasimama mbele ya mwajiri mmoja na wahitimu wa chuo kingine ambacho hakijabadilisha. Hilo lisemwe wazi ndani ya kikao, lisije likagunduliwa siku ya mahafali.

Ndiyo maana kazi ya pili ni kujaribu, na hapa tunasisitiza kwa nguvu zetu zote. Chukueni matokeo kamili ya wahitimu wa miaka mitatu iliyopita, ondoeni majina na namba za usajili. Kabla ya kugusa kanuni mpya, hesabuni upya madaraja yao kwa kanuni ya sasa. Yakitofautiana na yaliyo kwenye vyeti, hata kwa mtu mmoja, simameni. Ina maana kuna desturi inayotumika ambayo haikuandikwa popote: idara fulani inakadiria, nyingine inaacha somo la ziada, nyingine inahesabu somo lililorudiwa mara mbili. Desturi hizo ndizo zinazopaswa kuingia katika kanuni au kuondolewa. Hesabu ya zamani ikilingana na vyeti vyote, ndipo muweke kanuni mpya na kuhesabu waliopanda na walioshuka, programu kwa programu. Jumla ya chuo kizima inaficha mengi. Mabadiliko yanaweza kuonekana madogo chuoni kote, kumbe yamewashusha karibu darasa zima la programu moja ambayo wahadhiri wake hutoa alama kati ya 58 na 66 tu. Wanaoangukia ndani ya 0.1 ya mpaka, kila upande, wakaguliwe mmoja mmoja kwa mkono.

Kisha kuna kompyuta. Programu nyingi huhifadhi desimali kwa namna ambayo 4.4 inaweza kukaa ndani kama 4.3999999. Anayekadiria hatadhurika. Anayekata atamwandikia mwanafunzi 4.3 na kumnyang'anya daraja lake. Mtaalamu wenu wa mfumo afanye hesabu kwa namba nzima: jumla ya pointi mara krediti izidishwe kwa 10, igawanywe kwa krediti, baki iachwe. Mwenye 1,584 katika krediti 360 atakuwa na 15,840 kugawanya kwa 360, ambayo ni 44 kamili, yaani 4.4. Weka mfano huo katika majaribio ya mfumo. Ukitoa 43, mfumo usiruhusiwe kufanya kazi.

Katika kuandika, kila hatua iwe sentensi yake, na chini yake mfano wenye namba. "GPA itahesabiwa kwa utaratibu wa kawaida" si kanuni. Elezeni yanayoingia katika hesabu na yasiyoingia: masomo ya hiari ya ziada, masomo yaliyohamishwa kutoka chuo kingine, mafunzo yanayopewa "amefaulu" au "hakufaulu" bila alama. Kama mnataka kuwasaidia waliokaribia mpaka, kigezo kiwe kimoja na kifanye kazi chenyewe. Vyuo kadhaa vya Uingereza hutumia cha namna hii: aliyepungukiwa kidogo hupandishwa ikiwa angalau nusu ya krediti zake ziko katika daraja la juu yake. Msiiachie bodi ya mitihani kuamua kwa kutazama mtu. Bodi ikishaanza kujadili "huyu ni kijana mzuri", anayeumia ni yule ambaye hakuna mhadhiri anayemfahamu.

Rasimu ipite idara, bodi ya ndaki au shule kuu, kamati ya Seneti (chombo kikuu cha taaluma cha chuo) inayosimamia shahada za awali, kisha Seneti yenyewe. Mapema kabisa linganisheni na viwango vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ili msifike Seneti na kipengele kinachopingana navyo. Ombeni pia muhula mmoja ambao mfumo utatoa matokeo kwa kanuni zote mbili, ya zamani ikiwa ndiyo rasmi.

Serikali yetu ya wanafunzi inadai mwaka wa kwanza usihesabiwe katika daraja, kama Uingereza. Tunatoka shule za kata, mwaka wa kwanza tunahangaika na lugha na maisha mapya. Dai letu lina mashiko? (Mwanafunzi, Mbeya)

Lina mashiko, lakini jueni linamnufaisha nani. Kweli vyuo vingi vya Uingereza havihesabu mwaka wa kwanza. Mwanafunzi anatakiwa kuufaulu tu, na mwaka wa mwisho mara nyingi hupewa uzito zaidi kuliko wa pili.

Chukua mwanafunzi aliyeanza kwa shida: 2.9, kisha 3.6, kisha 4.1, krediti sawa kila mwaka. Kwa usawa ni 10.6 kwa 3, yaani 3.53, daraja la pili la juu. Mwaka wa kwanza ukiachwa anapata 3.85. Miaka ikipewa uzito wa 1, 2 na 3 anapata 22.4 kwa 6, yaani 3.73. Mmgeuze sasa: mwenzake aliyeanza na 4.1, kisha 3.6, akamaliza na 2.9. Kwa usawa ana 3.53 ileile. Kwa uzito wa 1, 2 na 3 ana 20 kwa 6, 3.33, ameshuka daraja la pili la chini. Mwaka wa kwanza ukiachwa anapata 3.25. Anayeshuka mwishoni si mvivu siku zote. Mara nyingi ni yule aliyeishiwa ada, aliyeuguza mzazi au aliyejifungua. Dai lenu linamwinua wa kwanza na kumwangusha wa pili.

Ushauri wetu ni mpunguze uzito wa mwaka wa kwanza badala ya kuufuta. Ukifutwa kabisa, wengi watalenga C tu, halafu mwaka wa pili watajenga juu ya msingi mbovu wa hisabati au wa uandishi. Na mkumbuke kuangalia krediti: kama mwaka wa kwanza una krediti 120 kati ya 360, kuuacha maana yake kila somo linalobaki linabeba nusu zaidi ya uzito wake wa sasa. Sapu moja, yaani mtihani wa kurudia somo ulilofeli, ya mwaka wa tatu itauma zaidi ya inavyouma leo.

Msichukue kutoka Uingereza kitu kimoja: desturi ya baadhi ya vyuo kutupa masomo yaliyofanywa vibaya zaidi, au kuhesabu kwa njia mbili na kutoa jibu zuri zaidi. Nchini England wahitimu wa daraja la kwanza walitoka karibu 16 kwa mia mwaka 2010/11 hadi zaidi ya 37 kwa mia mwaka 2020/21. Sababu ni nyingi na zinabishaniwa, ila mashaka juu ya hesabu za namna hii yalifikia hatua ambapo mwaka 2020 umoja wa vyuo wenyewe ulitoa misingi ya jinsi hesabu ya daraja inavyopaswa kutengenezwa. Daraja likishapoteza imani ya mwajiri, linampotezea hata aliyelipata kwa jasho.

Shikamooni wahariri. Mwanangu anasoma uhandisi. Aliahirisha mwaka mmoja kwa ugonjwa, na aliporudi akakuta kundi alilojiunga nalo linatumia kanuni mpya za madaraja. Yeye alidahiliwa chini ya kanuni za zamani. Atahesabiwa kwa zipi? (Mama, Tanga)

Marahaba, mama. Msingi unaofuatwa na vyuo makini ni kwamba mwanafunzi hupangwa daraja kwa kanuni zilizokuwepo alipodahiliwa, na kuahirisha kwa ruhusa hakumwondolei haki hiyo. Mambo huharibika kwa sababu ya maneno ya kifungu cha kuanza kutumika. Kikisema "kuanzia mwaka wa masomo fulani", kinawakumba wote waliopo chuoni. Kikisema "kwa wanafunzi watakaodahiliwa kuanzia mwaka fulani", mwanao amelindwa. Kuna pia tatizo la mfumo: akirudi, namba yake huhamishiwa kundi jipya, na mfumo humtumia kanuni ya kundi hilo bila mtu yeyote kuamua.

Mwambie aandike kwa amidi sasa, asisubiri mwaka wa mwisho. Aambatishe barua ya udahili na barua ya ruhusa ya kuahirisha, aombe jibu la maandishi la swali moja: daraja langu litahesabiwa kwa kanuni za mwaka gani? Jibu hilo alitunze na wewe uwe na nakala.

Kama chuo kimeamua kanuni mpya ziwaguse wote, njia ya haki ni kumhesabia kwa zote mbili na kumpa lililo bora, mpaka kundi lake la udahili litakapokwisha. Kisichokubalika ni kuchanganya: miaka miwili ya mwanzo kwa pointi za zamani, miwili ya mwisho kwa pointi mpya, kisha wastani. Pointi 4 ya jedwali moja si pointi 4 ya jedwali jingine.

Hili halihusu kila kanuni, mama. Zile za mwenendo ndani ya chumba cha mtihani, kama za udanganyifu, zinaweza kuanza kwa wote mara moja, kwa kuwa hazibadilishi thamani ya kazi iliyokwisha kufanywa.

Nililazwa wakati wa mitihani ya muhula wa pili. Nilikuja kufanya mitihani miwili kipindi cha sapu, nikapata 74 na 66. Matokeo yametoka C zote mbili. (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Umehesabiwa kama aliyefeli na kurudia. Aliyeshindwa mtihani akafanya sapu, kanuni za vyuo vingi humpa C hata akipata 90. Wewe hukushindwa, hukufanya. Ulichofanya ni mtihani maalumu, ambao ni jaribio la kwanza, na alama zake huhesabiwa zilivyo: A na B+.

Tofauti si ndogo. A na B+ ni pointi 9, C mbili ni pointi 4. Pointi 5 katika masomo 36 yenye krediti sawa ni 0.138 ya GPA.

Tafuta barua ya idhini ya kuahirisha mitihani, siyo fomu ya hospitali peke yake. Fomu inathibitisha kuwa uliugua, idhini inathibitisha kuwa chuo kilikubali. Idhini ikiwepo, basi kwa kawaida kosa ni kwamba imebaki kwenye faili la idara na haikuingizwa kwenye mfumo, na kwa sababu mitihani ya aina zote mbili hufanyika kipindi kimoja, mfumo umewasoma wote kama watu wa sapu. Idara itaandika kwa ofisi ya mitihani kuomba sahihisho, na matokeo mapya yatapita bodi. Kama uliomba ruhusa baada ya matokeo kutoka, au fomu ya zahanati haina tarehe za kulazwa, kesi yako ni ngumu zaidi, lakini peleka.

Kwa wanaotunga kanuni: mtihani maalumu, sapu na somo linalobebwa hadi mwaka unaofuata vipewe alama tatu tofauti katika mfumo. Na kwa somo lililobebwa, kanuni iseme kama E ya mwanzo inafutwa au inabaki. Ikibaki kimya, mfumo huweza kuhesabu krediti za somo hilo mara mbili, mara moja zikiwa na sifuri, na GPA inashuka bila sababu.

Nimesoma Kenya, wastani wangu ni 64. Naomba uzamili Tanzania na fomu inataka GPA ya kipimo cha pointi 5. Nimegawanya 64 kwa 20 nikapata 3.2. Ni sawa? (Msomaji, Eldoret)

Si sawa, na umejiumiza mwenyewe. Kenya, 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu. GPA ya 3.2 Tanzania ni la pili la chini. Ukifanya kinyume unakosea upande wa pili: Mtanzania mwenye 3.8 akizidisha kwa 20 anapata 76, ambayo Kenya ni daraja la kwanza, na yeye hana.

Kinacholingana ni madaraja, siyo namba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na kuanzia 1963 hadi 1970 Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vilikuwa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Ngazi hizi nne ni urithi wa pamoja, hesabu ndizo zilizoachana. Hata vyuo vyenye GPA ya kipimo cha pointi 5 havilingani: Makerere daraja la pili la juu huanza 3.60, kwa hiyo 3.5 ya Tanzania, ambayo hapa ni la juu, kule ingesomeka la chini.

Andika "wastani 64 kwa mia, daraja la pili la juu (60–69)", ambatisha ukurasa wa transkripti wenye jedwali la madaraja, kwa kawaida uko nyuma. Fomu ikikataa chochote isipokuwa namba, waandikie ofisi ya udahili kabla ya kujaza. Shahada ya nje pia hupitia TCU kwa utambuzi, anza mapema. Kama shahada yako ni ya udaktari wa binadamu, usishangae kukosa daraja: Tanzania na Makerere shahada hiyo haipangwi madaraja.

Nilihitimu miaka mingi iliyopita. Kanuni zikilegezwa, naweza kuomba daraja langu lihesabiwe upya? (Mhitimu, Unguja)

Kwa kanuni mpya, hapana. Shahada yako ilitunukiwa kwa kanuni za wakati ule na daraja lake limekwisha. Kwa kosa la hesabu chini ya kanuni za wakati ule, unaweza kuuliza, ingawa muda wa rufaa ya kawaida umepita. Omba kwa Msajili nakala ya kanuni za mwaka wako wa udahili, fanya hesabu kama tulivyoonyesha juu, kisha andika ukionyesha somo na krediti zilizokosewa. Chuo kikikubali, sahihisho hupelekwa Seneti, nawe utatakiwa kurudisha cheti na transkripti za awali kabla ya kupewa mpya. Tengeneza nakala zilizothibitishwa na wakili kabla ya kuvikabidhi, na udai risiti ya makabidhiano.